Konti iko kwa jina la nani? Historia ya feza za intaneti mpaka kwetu Kivu

Juma lililopita, kisha kipindi chetu cha magharibi, binti mmoja alinifuata mpaka nje ya studio. Ni mhami kutoka Masisi, anaishi hapa Goma kwa familia iliyompokea. Alinionyesha simu yake.

"Yaya, angalia," akasema. "Feza naziona, lakini siwezi kuzitoa."

Kweli, niliziona kwa macho yangu: dola 212. Ni malipo ya miezi mitatu ya kusikiliza sauti za watu wanaoongea Kiswahili, kuyaandika maneno yao na kuyatafsiri katika Kifaransa. Kazi hiyo anaifanya usiku, saa ambazo mega za intaneti ziko bei ya chini. Waliompa kazi wako Ulaya na walilipa bila matata. Matata ni konti, ama akaunti kama wenzetu wa Kenya wanavyosema. Haiko kwa jina lake. Ilifunguliwa na mjomba wake anayeishi inchi jirani, kwa sababu binti alipoteza kadi yake ya uchaguzi wakati wa kukimbia vita. Sasa kampuni inayoshika feza imefunga konti, inaomba picha ya kadi na picha ya uso wa mwenye jina. Mjomba naye amebadilisha nimero ya simu.

Tangu tugusie habari hii hewani, maswali yamekuwa mengi. Vijana wanauliza: nifanye nini ili feza za kazi ya intaneti zinifikie salama? Nilitaka kujibu kwa maneno mawili matatu, lakini nilipochimba niliona kwamba kila sheria inayotuudhi leo katika konti hizi ina siku yake ya kuzaliwa, na ina wezi waliofanya izaliwe. Anayejua historia hiyo anaelewa kwa nini wanamwomba kadi, kwa nini wanamwomba uso, na wapi anaweza kupoteza jasho lake.

Tuanzie kwetu. Wazee wanakumbuka phonie, ile redio ya mawasiliano yenye antena ndefu iliyofungwa juu ya miti. Kampuni ya kwanza ya simu za mkononi, Telecel, ilianza Zaire mwaka 1986, lakini simu zake zilikuwa za wakubwa na matajiri tu. Mwananchi wa kawaida alitegemea phonie. Mfanyabiashara wa Goma alipotaka kumfikishia mtu feza Kinshasa, alimwachia mwenye phonie noti mkononi. Mwenye phonie aliita mwenzake wa Kinshasa, akamtajia jina la mpokeaji na kiasi, na kule mtu akahesabiwa feza. Hakuna noti iliyopanda ndege. Vitu viwili tu vilisafiri: jina na neno la siri. Shikeni hilo akilini, kwa sababu mpaka leo, na intaneti yake yote, feza inasafiri vilevile.

Wakati huohuo banki zilikuwa zinapoteza heshima. Mwaka 1991, Kinshasa, nyumba moja iliyoitwa Bindo Promotion ilipokea feza za watu na kuwaahidi faida kubwa ajabu kwa muda mfupi. Wa kwanza walilipwa kwa feza za waliokuja nyuma, wakapiga kelele za furaha, watu wakauza friji na magari ili nao waweke. Mwaka uleule ikaanguka, na maelfu ya jamaa wakabaki na vikaratasi. Mwezi wa tisa askari wakapora mji. Mwisho wa mwaka 1992 ikatoka noti ya zaire milioni 5. Wafanyabiashara wengi wakaikataa, na askari waliolipwa kwa noti hiyo wakapora tena mwezi wa kwanza 1993. Mwezi wa kumi 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Mama yangu alikuwa na kitabu cha akiba cha miaka ile. Alikitunza ndani ya sanduku mpaka panya walipokila. Ukiuliza kwa nini Mkongomani anapenda dola chini ya godoro kuliko konti, jibu liko hapo.

Ndiyo maana feza za simu zilipofika, wengi tulicheka kwanza. Kenya walianza M-Pesa mwezi wa tatu 2007. Kwetu kampuni za simu zilianza huduma hiyo mwaka 2012, ile ya Airtel na ile ya Vodacom zikiwemo. Tulicheka, kisha tukazoea, kwa sababu ilifanana na phonie: ajenti anakaa kwenye meza yake chini ya mwavuli, unamtajia nimero, unapiga neno lako la siri, feza imefika. Jimbo ambalo banki haipo kilomita nyingi, meza ya ajenti ipo. Askari na walimu wengi walianza kupata mshahara kwa njia hiyo.

Sasa tuvuke bahari, maana feza za kazi ya intaneti zinaanzia huko.

Mwisho wa mwaka 1998, Marekani, vijana akina Max Levchin na Peter Thiel walianzisha kampuni ndogo ambayo baadaye ilijulikana kama PayPal. Wazo lao la kwanza lilikuwa kurusha feza kutoka kifaa cha mkononi kwenda kingine. Watu hawakulijali sana. Walichokipenda ni kutumiana feza kwa anwani ya barua pepe, zaidi wale waliokuwa wanauziana vitu kwenye mnada wa eBay. Ili kuvuta wateja, kampuni ilimpa kila anayefungua konti dola 10, na dola 10 zingine kwa kila rafiki anayemleta. Mnaweza kukisia kilichofuata. Wezi wakatengeneza mashine za kufungua konti za uongo usiku na mchana. Wengine walitumia kadi za banki zilizoibwa, wakahamisha feza kabla mwenye kadi hajajua. Kampuni changa ilikuwa inavuja mamilioni ya dola.

Dawa walizotengeneza tunazimeza mpaka leo. Zile herufi zilizopinda ambazo unalazimishwa kuzisoma ili uthibitishe kwamba wewe si mashine? PayPal ilikuwa kati ya wa kwanza kuzitumia, mwaka 2000 hivi. Ile desturi ya kukutumia senti chache kwenye konti ya banki na kukuuliza ni ngapi, ili wajue konti kweli ni yako? Inatoka hukohuko. Mwaka 2002 eBay ilinunua PayPal kwa dola bilioni 1.5, na moja ya sababu ni kwamba ilijua kupambana na wezi kuliko wengine.

Lakini mwizi naye anasoma. Mwaka 2000 watu walipokea barua pepe inayowaambia kuna feza zimeingia, wabonyeze hapa. Ukurasa uliofunguka ulifanana na PayPal kwa kila kitu. Ila herufi ya mwisho ya jina haikuwa l ndogo, ilikuwa I kubwa. Kwa macho ni kitu kimoja. Mtu akaandika neno lake la siri, na mwizi akalisoma. Miaka mingi sasa, na mtego ni uleule unaotembea katika WhatsApp ya vijana wetu: "Umelipwa dola 85, bonyeza hapa upokee." Ndugu, ili kupokea feza huombwi neno la siri. Hilo unaliandika wewe mwenyewe unapoingia katika konti yako, kwa kuandika anwani kwa mkono wako ama kufungua programu uliyoiweka mwenyewe. Kiungo kilicholetwa na mtu kiache. Na kama "kazi" inakuomba kwanza dola 10 za kufungua mlango, hiyo ni Bindo imevaa nguo mpya.

Katika miaka ileile kulikuwa na njia nyingine iliyoonekana tamu zaidi, njia isiyouliza jina. Mwaka 1996 daktari mmoja wa Florida, Douglas Jackson, alianzisha e-gold: unamiliki dhahabu kidogo iliyowekwa ghalani, na unaihamisha kwa intaneti. Kufungua konti kulikuwa rahisi mno, na watu wa inchi nyingi ambazo banki zilizikataa waliikimbilia. Wezi wa kadi nao waliikimbilia. Mwaka 2007 serikali ya Marekani iliishitaki, mwaka 2008 wakubwa wake wakakubali makosa, na wenye konti, hata wale waaminifu, wakabaki miaka mingi wakifuatilia mali yao.

Aliyefuata hakujifunza. Liberty Reserve ilianza Costa Rica mwaka 2006. Huko uliweza kujiita jina lolote. Mpelelezi mmoja wa Marekani alifungua konti kwa jina la mzaha, akaandika anwani ya mji usiokuwepo duniani, na alipohamisha feza akaandika kwamba ni malipo ya kokaini. Ilipita bila swali. Mwezi wa tano 2013 ikafungwa. Waendesha mashitaka walisema ilikuwa na wateja zaidi ya milioni moja na ilipitisha dola bilioni 6, nyingi zikiwa za uhalifu. Mwanzilishi wake, Arthur Budovsky, alihukumiwa miaka 20 ya kifungo mwaka 2016. Lakini katika wateja wale walikuwemo pia vijana wa Afrika na Asia waliokuwa wanalipwa kwa kazi halali za intaneti, kwa sababu hapakuwa na mlango mwingine uliowafungukia. Siku moja waliamka wakakuta ukurasa una alama za polisi. Ukienda kudai, utasema wewe ni nani? Konti haikujua jina lako.

Hapo ndipo ninapoona jibu la swali la binti wa Masisi. Kuombwa kadi kunachosha, kunaonea wakimbizi, na nitalisema hilo tena hapa chini. Lakini jina lako katika konti ndilo shahidi wako pekee siku ya matata. Konti isiyo na jina haina wa kuitetea, na konti yenye jina la mtu mwingine ni feza za mtu mwingine.

Sasa, kwa nini vijana wetu wanaazima majina? Si kwa ujinga. Ramani ya huduma hizi haikuchorwa kwa ajili yetu. PayPal ilipofungua Nigeria mwezi wa sita 2014, Wanigeria, taifa kubwa kuliko yote Afrika, waliruhusiwa kutuma tu. Kulipa ndiyo, kupokea hapana. Kenya nao wanapokea, na tangu 2018 wanaweza kuzitoa moja kwa moja katika M-Pesa. Basi mtu wa Goma akiona hivyo anamwita ndugu yake Nairobi: nifungulie konti. Wengine wanakodisha konti kwa mtu wasiyemjua, wanamkatia asilimia kila mwezi. Wengine wanafungua wenyewe lakini wanadanganya inchi, wanatumia programu ya kuficha mahali walipo. Inaenda vizuri miezi kadhaa. Kisha siku moja kampuni inaona konti ya Nairobi inafunguliwa kila usiku kutoka Kivu, inafunga, inaomba uso. PayPal, kwa mfano, imeandika katika mkataba wake kwamba inaweza kushika feza hadi siku 180. Kwa familia inayonunua unga kwa kilo, siku 180 ni maisha mengine.

Kuna pia jambo ambalo ni letu kabisa: majina matatu. Mwaka 1972 Mobutu, katika siasa yake ya uhalisi, alikataza majina ya Kikristo. Yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Hapo ndipo ile postinomu ilipokaa katika karatasi zetu. Miaka ya 90 majina ya ubatizo yakarudi, lakini postinomu ikabaki. Basi Mkongomani ana jina, postinomu na jina la ubatizo, na fomu ya Marekani ina nafasi mbili. Mmoja anaacha postinomu, mwingine anaibandika kwa jina la kwanza, na kadi ya uchaguzi inaandika mpangilio wake. Siku ya kuhakikisha, mashine inalinganisha na kusema: huyu si yule. Nimeona konti halali tatu zikikwama kwa sababu hiyo pekee. Andika majina yote matatu kama kadi inavyoyaandika, herufi kwa herufi, hata kama karani alikosea. Kosa la karani ndilo jina lako mpaka kadi ibadilishwe.

Na kadi yenyewe? Hesabu ya mwisho ya wakaaji wa inchi yetu ilifanywa mwaka 1984. Tangu 2005 kadi ya uchaguzi ndiyo inatumika kama kitambulisho, ingawa ilitengenezwa kwa ajili ya kura. Wino unafutika, plastiki inapasuka, na aliyekimbia usiku hakuichukua. Mhami anayetaka konti anaanza kwa kutafuta hati ya kupoteza vitambulisho, kisha nakala ya kadi, na kila meza ina bei yake. Serikali na mashirika yanaongea sana juu ya vijana na kazi za dijitali. Wangeanza na kadi.

Hata mwenye jina sahihi na kampuni halali hajamaliza. Mwezi wa sita 2020, kampuni kubwa ya Ujerumani, Wirecard, ilikiri kwamba euro bilioni 1.9 zilizoandikwa katika vitabu vyake pengine hazikuwepo. Tarehe 25 ikaomba ulinzi wa kufilisika. Kesho yake wasimamizi wa Uingereza wakazuia kazi za tawi lake la huko, na tawi hilo ndilo lililotoa kadi za Payoneer, ambazo wafanyakazi wengi wa intaneti duniani wanazitumia. Watu waliokuwa wamelipwa wiki ileile wakakuta kadi zimekufa. Baada ya siku chache zikafunguliwa tena, feza zikarudi. Waliolala vizuri siku zile ni wale waliokuwa wameacha kidogo tu ndani ya konti. Mimi tangu hapo ninaichukulia konti ya intaneti kama kituo cha basi. Feza inapita pale, haijengi nyumba.

Lakini ipitie wapi, hapa kwetu? Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, M23 walipoingia Goma, banki zilifunga milango, na Bukavu nayo ikafuata mwezi wa pili. CADECO ilifunguliwa tena Goma mwezi wa nne chini ya utawala mpya, lakini banki za biashara hapana. Noti zikawa adimu, zile zilizobaki zikachakaa, vijana wakafanya biashara ya kuzibandika. Feza za simu zikabeba mji mzima, na maajenti wengi wakapandisha kamisheni yao. Kwa hiyo anayelipwa kwa intaneti anakatwa mara nyingi: kampuni ya konti inakata, mabadilisho ya feza yanakata, ajenti anakata. Kabla hujakubali kazi ya dola 20, uliza ngapi zitafika mkononi.

Na simu yenyewe ndiyo ufunguo. Konti nyingi zinatuma nimero za siri kwa ujumbe wa simu. Mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipolipuka na tukakimbilia Sake, wengi waliangusha simu njiani. Laini isiyotumika muda mrefu, kampuni inaichukua na kuiuza kwa mtu mwingine, na mtu huyo ndiye anaanza kupokea nimero zako za siri. Aliyepoteza laini akimbie kuirudisha kwa jina lake kabla ya kufikiri kununua mpya. Anayeweza, aweke ile programu inayotoa nimero za siri ndani ya simu bila ujumbe, na aandike maneno ya akiba kwenye karatasi, ayashone ndani ya nguo ama amwachie mama. Mnacheka, lakini karatasi haiishi betri.

Rafiki yangu mmoja alipeleka simu kwa fundi atengeneze kioo, akamwachia na neno la siri la kuifungua. Ilirudi na kioo kizuri. Dola 60 hazikurudi.

Kuhusu binti wa Masisi: tulimsaidia kuandika barua kwa waliompa kazi. Walikubali kushika malipo yake mapya kwao mpaka apate konti yake mwenyewe, jambo ambalo wengi hawathubutu kuliomba. Hati ya kupoteza kadi ameipata Jumatano, bado nakala yenyewe. Mjomba naye alipatikana Jumapili kupitia mke wa mchungaji. Amekubali kupiga picha ya uso wake ili kampuni ifungue zile dola 212, ila anaomba nusu. Binti amesema theluthi. Mpaka ninapoandika haya hawajapatana.